Neno la Kifungu cha Kwanza

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu kutoka huku mkutanoni. Hujambo? Shemeji hajambo, na goti lake bado linatabiri mvua? Nimesikia Mama ameanza kula vizuri, nimefurahi mno. Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka, Dada, nimechoka mpaka kwenye kucha.

Hii ni wiki ya kumi na mbili. Kazi yangu unaijua: wakubwa wanasema, mimi naandika mkataba. Nchi yetu haina hata kijiko cha bahari, kwa hiyo tunawaomba majirani wenye pwani tupitishe mizigo bandarini kwao. Hapo nimesema tunawaomba. Mkuu wa msafara wetu angenisikia angenitolea macho! Mkataba wa zamani ulipokwisha muda, mizigo yetu yote ilizuiwa, na huu mpya ukakwama kifungu cha kwanza kwa neno moja tu. Sisi tulitaka iandikwe tuna haki ya kupita. Wao walitaka iwe ruhusa. Mwanasheria wao, mama mmoja mpole anayekalia mto kwa sababu ya mgongo, alisema mgeni hupewa ruhusa. Mkuu wetu akajibu kwamba sisi si wageni, akafunga faili, tukaenda kunywa chai. Basi ndiyo ikawa kazi: haki, ruhusa, chai. Kiyoyozi kinavuja juu ya kiti changu. Nimekitegea kikombe, na kikijaa najua asubuhi imekwisha.

Barua yako niliisomea humo humo ukumbini. Uliniambia zile mashine sita za joto za wodi yako zimekwama bandarini, mnalaza watoto njiti wawili wawili kwenye mashine moja, na yule pacha wa kike, ambaye hakufika hata kilo moja, amekufia mikononi. Ulisema watu wa pwani hawana utu hata chembe. Ukasema ulimfariji mama yake kwa kumwambia kwamba mdogo wako yuko huku anawapigania.

Dada, kaa chini kwanza.

Wiki ya tano yule mwanasheria alitufuata kwenye chai. Alisema mizigo ya hospitali haina ugomvi na mtu, inaweza kuondoka kesho yake, tusaini tu karatasi moja kwamba imepita kwa hisani. Mkuu wetu alishatoa kalamu. Kabla ya kusaini akaniuliza mimi, mwandishi wake, naonaje. Nikamwambia asisaini. Nikasema tukipokea hisani leo, kesho watatuambia kila tunachopitisha ni hisani. Akarudisha kalamu mfukoni, akanisifu mbele ya wote, nami nikavimba kichwa. Orodha ya mizigo nilikuwa nayo mkononi, Dada. Mashine zenu zilikuwa ukurasa wa pili, na jina la hospitali yenu nililiona. Nilidhani tutamaliza siku mbili tatu. Yule mtoto alifariki siku ya nane baada ya hapo.

Watu wa pwani walikuwa tayari kuzitoa. Aliyezizuia ni mimi.

Na unataka kujua neno lililopita jana? Fursa. Si haki, si ruhusa. Mwanasheria alilitaja watu wakiwa wanakusanya karatasi, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kubisha. Dakika nne, wakasaini. Nimeliandika kwa mkono wangu huu huu.

Mashine zimepakiwa leo asubuhi. Barua hii anayo dereva wa lori, nimemwomba akukabidhi baada ya mashine zote sita kushushwa na kuwashwa, maana hasira zako nazijua. Mama wa yule pacha mwambie ukweli. Ukishindwa, basi angalau usimwambie tena kwamba nawapigania.

Nisalimie Mama, mwambie nakuja mwisho wa mwezi. Kama hutaki nifikie kwako nitaelewa. Shemeji mpe pole ya goti. Watoto wabusu wote.

Wewe ndiye uliyenibandika jina hili nikiwa darasa la tatu, nilipokuwa nasahihisha alama za vituo kwenye barua za Baba, mkanicheka nyumba nzima. Nalitia hapa chini kama kawaida, ila safari hii, Dada, nimekoma kweli.

Ni mimi mdogo wako,
Koma