Mkono Uliokataa Maji

Kaka yangu Ezekia,

Nakuandikia gazetini kwa sababu gazetini ndiko nilikokutukana. Safu ni ileile, na picha yangu pembeni ni ileile niliyokunja uso. Wasomaji waliozoea kuniona nikigombana na wakubwa watanivumilia wiki hii. Leo nina ugomvi na mtu mmoja tu, na wanasema hawezi kunijibu. Hilo la mwisho sina uhakika nalo tena.

Mkeo Eliza alinipigia simu kutoka Isansa miezi minne baada ya kukuzika. Hakusalimia.

"Wifi, njoo uone kitu. Njoo peke yako."

Nikamwambia nina makala ya kumaliza.

"Makala yako itakungoja. Hiki sijui kama kinangoja."

Nikapanda gari asubuhi hiyohiyo. Kule mjini Mpemba, karibu na Tunduma, niliacha jua na foleni ya malori. Kwenu nilikuta ukungu, na saa sita mchana ulikuwa bado umelala juu ya mibuni kama umekatazwa kuondoka. Eliza alinipokea mlangoni mwa karakana yako ya magitaa. Hakunikaribisha ndani kwanza. Alinieleza tukiwa tumesimama.

Ibada yako ya kumbukumbu ilikuwa imepangwa Jumamosi ya wiki ile, na kwaya ilitaka kupiga gitaa lako la mwisho, lile uliloliacha likining'inia darini bila nyuzi wala rangi. Eliza alimwita seremala wa jirani alipake chochote, lipendeze. Yule bwana akaanza kama mafundi wote wanavyoanza: akalifuta kwa kitambaa chenye maji, nyuzinyuzi za mbao zisimame, apige msasa wa mwisho. Akatazama. Akatoka nje. Kitambaa chake kiko mezani mpaka leo.

"Sasa tazama," Eliza akasema, akachovya kitambaa kilekile kwenye bakuli.

Unaijua ile mbao kuliko mimi. Msindano mweupe, uliouchagua mwenyewe ukigonga kila ubao na kusikiliza kama daktari. Maji yakaingia, mbao ikakolea rangi, uso wote, isipokuwa mahali pamoja chini ya tundu la sauti. Pale maji yalikataa. Palibaki peupe, na ule weupe ulikuwa na vidole vitano.

Tulisimama tukiutazama hadi maji yakakauka. Mbao iliporudi kuwa na rangi moja, mkono ukapotea.

"Nimefanya hivi mara saba," Eliza akasema. "Unarudi palepale."

Nikasema ni mkono wako. Akacheka, kicheko kibaya.

"Mume wangu alikuwa anashika uso wa gitaa kwa mkono mtupu? Wewe uliwahi kumwona?"

Sikuwahi. Miaka thelathini ulivaa soksi kuukuu mikononi, na ukatufukuza sote tuliokaribia. Nakumbuka nikiwa msichana nilinyoosha kidole tu, ukanipiga na brashi ya gundi: "Ngozi ina mafuta, wewe! Mbao haisahau!"

"Halafu tazama ukubwa," Eliza akaendelea, sauti imeshuka. "Huu ni mdogo. Ni wa mwanamke, wifi. Mzee wa kanisa amekuja, anasema ni pepo, tulichome kabla ya Jumamosi. Mimi naomba awe pepo. Na pepo naweza kulala nyumba moja. Na huyu mwanamke siwezi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake, kaka, nilibisha.

Nilibisha kwa nusu saa nzima. Nilimshambulia mzee wa kanisa, nikashambulia uchomaji wa vitu, nikahutubia juu ya ujinga unaovaa suti Jumapili. Unajua ninavyokuwa. Na kila nilipopandisha sauti, kitu kikawa kinaunguruma juu ya vichwa vyetu. Eliza alikuwa ameshalirudisha gitaa kwenye waya wake darini.

"Unalisikia? Mimi nikiongea linanyamaza. Wewe linakuitikia."

Nikamweleza kwamba sanduku tupu la mbao hutetemeka likikutana na sauti nzito, na mimi sauti yangu ni ya mhubiri, hata shuleni waliniambia. Nilieleza vizuri sana. Nilipokuwa naeleza, gitaa likawa linaunguruma chini ya kila neno langu, kama mtu anayesema "eeh, eeh" akikusubiri umalize uongo.

Kwa sababu nilijua. Niliujua ule mkono tangu maji ya kwanza. Kidole cha mwisho kilikuwa kimejitenga na wenzake, kimepinda nje.

Ulikipinda wewe. Tulikuwa tunamenya kahawa ya baba, wewe unazungusha mpini wa mashine, mimi nasukuma matunda kwa mkono wa kushoto, nakubishia kwamba unazungusha polepole. Ukaongeza mwendo kunikomoa, mashine ikakidaka kidole. Ulinibeba mgongoni hadi zahanati ukilia kuliko mimi, na njia nzima ukinisihi, "Sema ulianguka. Mdogo wangu, sema ulianguka." Nilisema nilianguka. Ni mara moja tu maishani nilishindwa kubishana, na nilishindwa kwa ajili yako.

Basi nikaushusha waya, nikalilaza gitaa mezani, nikalifuta mwenyewe. Mkono ukaja. Nikaweka wangu wa kushoto juu yake. Ulikaa kama mguu kwenye kiatu chake.

Ilibidi nimwambie yote, na nakuandikia hapa kama nilivyomwambia.

Nilikuja siku ile ya baridi kali, mikono imenipasuka, nimetoka kujipaka mafuta ya mgando. Nilitaka gitaa lile lipuliziwe klia, ile inayopulizwa kwenye magari, ling'ae hadi mtu ajione meno. Nilikuwa nimeshakupatia mwanamuziki wa kulichukua. Wewe ukasema litapakwa mafuta ya kitani tu, kwa kitambaa, taratibu.

"Watu wa Tunduma wanataka kinachong'aa," nikakuambia. "Tazama malori yao. Tazama hata majeneza yao!"

"Klia inaziba mbao mdomo."

"Mbao haina mdomo, kaka!" Nikapiga kiganja changu pale, paa, katikati ya uso mtupu.

Hukunitazama mimi. Uliitazama mbao. Halafu ukauliza, "Umemaliza?"

Sikuwa nimemaliza. Wiki ile niliandika kwenye safu hii juu ya mafundi wanaokataa kung'aa ili wapate kulalamika gizani. Sikukutaja. Isansa nzima ilijua. Walikusomea kwa sauti kwenye mizani ya kahawa, nikaambiwa wewe ulicheka pamoja nao. Uliishi miezi kumi na minne baada ya hapo, na sikuja tena hadi siku ya kukuvika suti.

Eliza alikaa kwenye kigoda chako. Akanitazama mkono, si uso.

"Tangu siku ya seremala nimeuchukia huu mkono," akasema. "Nilikuwa nautafuta kanisani. Kila mwanamke akinyoosha kupokea kikombe, namtazama vidole."

"Nisamehe."

"Subiri, bado nakuchukia kidogo." Kisha akauliza jambo ambalo mimi, mwenye maswali ya kila mtu, sikuwa nimejiuliza. "Dakika mbili za msasa zingeutoa. Kwa nini hakuutoa?"

"Hasira. Aliuacha uwe ushahidi."

Akainama chini ya meza, akavuta kifurushi. "Na hivi navyo ni hasira? Nilivikuta nikifagia, sikuvielewa."

Vilikuwa vibao viwili vya msindano uleule, umevifunga kwa gazeti. Gazeti lilikuwa lile lenye makala yangu. Kila kibao kilikuwa na alama ya kiganja, kikubwa, chako, kilichopakwa mafuta ya mgando na kugandamizwa. Kibao cha kwanza ulikipulizia klia: ilijikunja juu ya kiganja, ikafanya vitundu na malengelenge, mkono umekuwa kidonda. Cha pili ulikipaka mafuta ya kitani. Mbao ilikuwa imeiva rangi ya asali, na ukiinamisha kuelekea mlangoni kiganja kinaonekana ndani yake, kimetulia, hakuna palipovimba. Nyuma ya kibao hicho cha pili uliandika kwa penseli neno moja: "Hiki."

Hukuwa unatafuta namna ya kuuondoa mkono wangu. Ulikuwa unatafuta cha kuupaka usiharibike.

Niliwahi kubishana na mawaziri, Ezekia. Siku ile nilikigeuza kibao chako, nikalisoma lile neno moja tena.

Uamuzi ulikuwa wa Eliza. Gitaa ni lake. Angeweza kuutoa, na nisingemlaumu. Aliinuka, akashusha chupa ya mafuta rafuni, akanirushia soksi zako. "Vaa. Na ufunge mdomo."

Tulipaka pamoja, bila msasa hata mara moja. Soksi zilikuwa kubwa mno, ncha zake tupu zikining'inia mbele ya vidole vyangu. Nilipofika pale chini ya tundu nilikuambia samahani, kwa sauti ndogo. Gitaa halikuunguruma. Labda sauti ndogo haitetemeshi sanduku. Labda.

Nililala kwenu siku tatu, likikauka. Siku ya nne, saa nne asubuhi, ukungu umefunguka kwa mara ya kwanza, Eliza alilipeleka dirishani. Akaita, "Wifi." Akaita tena, kwa namna iliyonifanya nitembee polepole.

Mkono wangu ulikuwapo, kidole nje, hafifu kama ulivyotaka. Lakini kuuzunguka kulikuwa na mwingine, ambao maji hayakuwahi kutuonyesha. Mkubwa. Vidole juu ya vidole, kidole gumba kile kipana kilichopondeka kwa nyundo. Hakukuwa na mafuta ya mgando pale. Ni jasho tu, la kiganja kilichowekwa bila soksi, na kikakaa muda mrefu.

Eliza aliugusa kwa ncha ya kidole. "Huyu ndiye," akasema. "Huyu ndiye wangu."

Jumamosi lilitiwa nyuzi, likapigwa. Mzee wa kanisa alikaa benchi la nyuma kabisa. Sasa liko karakanani, kwenye waya wake, na Eliza ananiambia haliungurumi. Anasema huenda linangoja nije nianze kubisha.

Nakuja Jumapili, kaka. Nitaanza mimi, kama kawaida. Safari hii nitakuachia nafasi ya kumaliza.

Mdogo wako,
mwenye kidole ulichokipinda, aliyeanguka