Kivuli Kilichobaki Kwenye Picha ya Naomi

Jumanne, Julai 15. Olmotonyi, saa kumi jioni. Baridi, na Mlima Meru umejifunika mawingu tangu asubuhi.

Leo nitaandika yote, hata lile ambalo mama halijui.

Bibi alifariki juzi, Jumapili. Atazikwa Alhamisi hapa nyumbani, kando ya migomba yake, na mbele ya jeneza mjukuu atabeba picha yake. Mjukuu huyo ni mimi.

Jana baba mdogo aliniita mbele ya wazee. "Mpiga picha wetu, tafuta ile ya kipaimara cha Naomi. Bibi yako alikuwa anacheka. Ya kitambulisho siitaki, pale anaonekana kama kashitakiwa." Watu wakacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Nikajibu, "Sawa, baba mdogo, ninayo."

Picha ninayo. Bibi hayumo.

Desemba ile ya kipaimara nilikuwa nimejifunza kutumia mistari ya kamera kupanga picha. Nikamsimamisha binamu yangu Naomi, na gauni lake jeupe, upande wa kushoto, ili migomba ijaze kulia. Bibi akaja na kigoda chake na sweta la kahawia lililotoboka kiwiko, akaketi palepale kulia. "Nipige na mimi," akasema, "ila usinifanye mweupe kama mzungu kwenye hiyo simu yako." Akacheka hadi pengo lake likaonekana. Nikabonyeza.

Naomi alitaka nimtumie papo hapo, nikamtumia kwenye simu ya mama yake, shangazi yangu. Alipoitazama akaguna. "Bibi ametuharibia picha na sweta lake! Mtoe, bwana."

Nikamtoa.

Ni kazi rahisi. Unapaka kidole juu ya mtu, anakuwa mwekundu, kisha anaondoka na majani yanajaza nafasi yake. Kwa kuwa simu yangu hujaa upesi, nina desturi ya kufuta picha ya kwanza nikishamaliza kuhariri. Nikaifuta. Shuleni waliniita fundi, na mimi nikafurahi.

Leo nimeitazama upya. Jani moja lililochanika limejirudia mara mbili. Na chini, kwenye udongo, kivuli cha Bibi bado kimeketi. Kichwa, mabega, kigoda. Kinafika hadi kwenye kiatu cha Naomi.

Miezi yote hii sikukiona. Sasa sioni kingine.

Mchana nilijaribu programu nyingine, ile inayotengeneza watu. Niliiandikia: bibi mzee, sweta la kahawia, anacheka. Akatokea mwanamke ameketi juu ya kivuli kilekile, ana meno yote, ananitazama kwa upole. Hakuwa bibi wa mtu yeyote. Lakini nakiri: nilimpunguzia mwanga, nikamwongezea mikunjo, nikamtoa jino moja. Nilikuwa nimeshafungua jina la baba mdogo ili nimtumie.

Ndipo nikamsikia baba mdogo mwenyewe nje ya dirisha, akimsimulia mgeni jinsi Bibi alivyong'oka lile jino akitafuna hindi la kuchoma, akaliokota, akamaliza hindi lake. Sauti yake ilikatika katikati ya kicheko.

Nikamfuta yule mwanamke. Alipoondoka, kivuli kikabaki, na hakikuwa chake.

Kesho asubuhi baba mdogo anakwenda Kwa Mrombo kutengenezesha fremu. Kabla hajatoka nitamwamkia, kisha nitamweleza nilichofanya, hata akinitazama vipi. Sitabeba mtu nisiyemjua mbele ya jeneza la bibi yangu.

Naomi, simu ya shangazi haipatikani tangu jana. Pengine mko njiani kutoka Mwanza. Najua ukipata mtandao huwa unasoma hapa kwenye blogu yangu. Ile niliyokutumia siku ile ilikuwa kabla sijamtoa. Nijibu mara tu ukisoma: picha uliyosema Bibi ameiharibu, bado unayo?