Visanduku Vitupu na Barua Yangu

Shosti, shemeji kanigeuka! Mbele ya mkuu wa shule!

Mkuu kafungua kwa simu yake mtihani wa hesabu niliowatungia wanafunzi kwenye tovuti ya shule, alama zote za hesabu, kipeuo, pai, zimekuwa visanduku vitupu. Visanduku, shosti!

Na tovuti katengeneza shemeji mwenyewe. Wiki nzima namwambia wanafunzi hawaoni alama, ananijibu, "Mbona kwangu zinaonekana?" Kwake! Fonti, ile seti ya maandishi yenye hizo alama, kaiweka kwenye kompyuta yake tu, kwenye tovuti hakuipakia.

Leo kaulizwa, kakauka macho: "Mwalimu alichapa vibaya."

Mwalimu! Nyumbani ananiita shem.

Nikasema, "Anadanganya!"

Mkuu akatoa barua niliyoandika kumwombea shemeji kazi hiyo, akaisoma kwa sauti: "Huyu hajui kusema uongo, namdhamini mimi."

Sahihi yangu, shosti.