Ndoo Mbili za Maji

Nambambo,
Jumatatu ya Pasaka

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Narung'ombe, na kwamba lile goti limekubali dawa. Kaka Anselmi na wajukuu nao hawajambo? Sisi huku tu wazima, mvua bado zipo, tunachoma mahindi mabichi kila jioni. Ningeweza kukupigia simu, lakini nakujua, ukikasirika utakata. Barua haikatiki. Tafadhali isome mpaka mwisho, hata ukifika mahali pa kutaka kuichana.

Mama, nina furaha hata sijui nianzie wapi. Nianze na siku uliyoondoka. Ulifunga mizigo ukasema hutakanyaga tena Nambambo maadamu Yunusi ni jirani yetu, kwa sababu siku mikorosho yetu ilipoungua yeye alionekana anachoma mabua ya ufuta, na mimi ndiye niliyemtaja mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Hata Mwanawetu, mama yake Yunusi, uliyeshirikiana naye majembe na misiba tangu mimi sijazaliwa, ulimpita njiani bila salamu. Ukaniuliza Mungu anaona nini huko juu, ikiwa miti aliyoipanda marehemu baba inateketea na aliyewasha moto anaendelea kuvuna. Swali lako nimelala nalo na kuamka nalo, na tangu moto ule wa Agosti shambani sikutia mguu.

Basi Ijumaa Kuu tulifanya Njia ya Msalaba kwenye kile kilima cha mawe nyuma ya kanisa la kigango. Unanijua mimi na vilima. Nilifika juu wa mwisho, nahema, nikamkuta katekista yuko kituo cha kumi na mbili. Alisema waliosimama chini ya msalaba siku ile waliona mtu anakufa, basi, lakini Mungu aliona na upande wa pili. Akatuambia kila mmoja aitaje taabu yake kimoyomoyo, aombe aione kama Mungu anavyoiona. Nikaomba hivyohivyo. Nikwambie ukweli, nilitegemea kupozwa moyo. Nilitaka niambiwe pole.

Nilipofumbua macho, shamba letu lote lilikuwa chini yangu. Ukiwa ndani yake huoni kitu, mikorosho imeshonana, na siku ya moto kulikuwa na moshi mtupu. Kutoka kule juu niliona mistari minne ya mikorosho upande wa Yunusi, yote ya kijani, haijababuka hata jani. Iliyokauka inaanzia katikati ya shamba letu wenyewe: mti mmoja, halafu miwili, halafu mitano, inatanuka kufuata upepo mpaka korongoni. Moto wa Yunusi ungeirukaje mistari minne? Na pale inapoanzia ni penye shimo la kile kisiki cha zamani. Nililia mpaka akina mama wa jumuiya wakadhani nimeguswa na mateso ya Bwana, na mimi sikuwakatalia.

Sasa Mama, kaa chini. Unakumbuka tulifagia chini ya mikorosho ili korosho zikianguka zionekane, nikachomea majani kwenye lile shimo. Ulinituma nikamwage ndoo mbili za maji. Jioni ukaniuliza, nikasema nimemwaga. Sikumwaga. Kisima kilikuwa mbali na mazoezi ya kwaya yalikuwa yameanza, nikarushia udongo nikaondoka mbio. Moto ukala mizizi chini kwa chini, siku ya tatu ukatokeza. Nilipoona moshi kwa Yunusi nilipata mtu wa kumsema, na lile shimo sikulifikiria tena, au nilikataa kulifikiria. Moto ule ni wangu na uongo ni wangu. Mungu hakuuwasha, wala Yunusi.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwao. Mwanawetu alikuwa anapepeta mtama, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho. Yunusi akasema, "Dada Dionisia, nilijua moto si wangu. Niliomba radhi kwa mwenyekiti ili mama zetu wasigombane. Na bado wakagombana." Akaingia ndani akatoka na msumeno, akaniuliza nangoja nini.

Mama, mikorosho ya baba haijafa! Chini ya vile vigogo vyeusi kuna machipukizi, mengine yananifika kiunoni. Yamekuwa pale miezi yote hii, mimi nimejifungia ndani nanung'unika. Tumeshakata vigogo saba, na Yunusi anasema bwana shamba atatuonyesha namna ya kuyaunga na vikonyo, vile vijitawi vinavyokatwa kwenye miti inayozaa vizuri. Jana baada ya misa nilisimama mbele ya watu nikasema yote. Leo nimekwenda kwa mwenyekiti nikayafuta maneno yangu. Na lile shimo nimelimwagia maji, ndoo mbili kamili, miezi minane baadaye.

Uliuliza Mungu anaona nini. Alikuwa anaona shimo langu, akaona na machipukizi, vyote kwa pamoja, na hakuniacha. Ndiyo maana nalia na kucheka kama mwehu. Una haki ya kunikasirikia, Mama, ila njoo unikasirikie hapa.

Nisalimie kaka Anselmi, shemeji na watoto wote, mwambie mdogo wao nimemwekea mahindi. Mwanawetu naye anakusalimu. Anasema ule ungo wako uliouacha kwake bado anapepetea, na hatampa mtu yeyote akuletee. Ukiutaka, uufuate mwenyewe.

Mwanao niliyekudanganya,
Dionisia