Panya wa Kutangulia Joshoni

Jumapili, Bariadi

Tena panya! Nimekuja likizo kumshawishi Baba Mkubwa aende Mwanza akapigwe mionzi ya saratani ya koo, nimeishia kuchekwa na ukoo mzima. Kosa langu ni kusema kwamba kazini, maabara, tunawapa panya saratani, kisha tunawatibu kwa mionzi hiyohiyo.

Mayu, mama yangu, akashika kiuno. "Tumekusomesha ukatibu panya? Hapa wanatumalizia mahindi, tunawanunulia sumu!"

Shangazi akauliza kama huwa wanalazwa wodini.

Baba Mkubwa peke yake hakucheka. "Josho likitiwa dawa mpya ya kupe, hatuingizi kundi zima," akasema kwa sauti yake iliyokauka. "Tunatanguliza ng'ombe mmoja, tunamwangalia. Kumbe ninyi mnatanguliza panya."

Nikaitikia haraka, kabla Mayu hajaharibu.

"Basi nitakwenda. Siwezi kushindwa na panya."

Nilitamani kupiga vigelegele. Ndipo akauliza, "Na huyo aliyetangulia, hajambo?"

Matibabu yakiisha huwa tunawaua, tunawapasua, tuone uvimbe umebaki kiasi gani.

"Anapumzika, Baba," nikajibu, nikakimbilia jikoni kugeuza ugali ambao hakuna aliyeubandika.