Shangazi, Nichukue Kamera Ipi?

Shangazi yangu Zuwena,

Ungekuwepo ungeanza kwa kunigombeza. "Mwaka muzima hunikumbuke, leo uko na shida njo unanitafuta?" Haya, gomba, nimekubali. Shida ninayo, na katika Bujumbura nzima sijamwona mtu wa kumwambia ambaye kesho yake haitakuwa habari ya mtaa.

Hapa Gasenyi, kwenye meza yangu, ziko kamera mbili. Moja ni yako, ile ndogo ya rangi ya fedha iliyokuwa inaingia kwenye mfuko wa gauni lako. Nyingine ni yangu, kubwa, ya kisasa, ya wapiga picha wa kazi. Alhamisi ni hina ya Salma, binti wa pili wa Mama Nasra. Hadi wiki iliyopita nilidhani swali langu ni dogo tu: niende na ipi? Nilikuwa nachekelea moyoni, kwa sababu mtu mwenye kamera mbili za kuchagua si mtu wa kuhurumiwa. Sasa sichekelei tena.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponichukua? Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimebeba begi lako kama yai. Ilikuwa alasiri, nyumba ya Waarabu fulani kule Rohero, nyuma ya maduka. Mlangoni bibi mmoja alikuwa ameshika kapu, kila mwanamke anatia simu yake humo ndipo anaingia. Ndani wakavua mabuibui, wakafungua nywele, wakaanza kucheza. Mama! Sikuwa najua kwamba mke wa yule mwenye duka la vitambaa, anayepita barabarani kama kivuli, ana kiuno cha namna ile. Katika chumba kizima kamera ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa mkononi mwako. Hukuiweka hata machoni. Uliishika kifuani, unaongea na watu, unabonyeza, nao wanakusahau.

Kesho yake asubuhi tulirudi na bahasha. Picha ulizitoa mwenyewe kwenye ile mashine yako ndogo, mlango umefungwa kwa ufunguo. Mama wa bibi harusi akazipitia, akacheka, akaficha mbili chini ya mto. Halafu ukakaa naye goti kwa goti, ukamwonyesha kioo cha nyuma cha kamera, ukafuta zote, ukamwambia: "Tazama mwenyewe. Iko kitu?"

"Apana. Hakuna."

Ndipo ukanywa chai. Kabla ya hapo hukugusa kikombe, na kila nyumba tuliyoenda miaka ile yote ilikuwa hivyohivyo, hata chai ipoe iwe na utando juu.

Niliwahi kukuuliza kwa nini usibaki na moja mbili nzuri za kuonyesha wateja. Uliniangalia kama nimekutukana. "Picha si yako. We ulibeba tu." Na wewe mwenyewe hukutaka kupigwa hata moja. Ulipofariki tulipekua nyumba nzima, tukapata ile ya kitambulisho peke yake, umekunja uso kama mtu anayedaiwa. Baba alisema, "Huyu si dada yangu," akairudisha kwenye droo.

Sasa nikuambie ya kamera kubwa, na usinikatize.

Niliinunua kwa sababu dunia imebadilika, shangazi. Mabibi harusi wa leo wanaona kwenye simu harusi za Dar na za Maskati, wanataka hina ionekane hadi mstari wa mwisho kwenye kidole. Kamera yako kwenye chumba chenye taa hafifu inapiga mwanga wake na watu wote wanatoka weupe kama wamepakwa unga. Hii yangu inaona gizani bila mwanga wowote. Tena, tuseme ukweli, wateja wanaheshimu ukubwa. Nikifika na ndogo yako wananiuliza, "Na aparei iko wapi?" Nikifika na kubwa wananipisha njia.

Lakini kitu kimoja niliona tangu mwanzo nikajifanya sikioni. Nikiinua kubwa, mabibi wote wanarudisha mitandio kichwani. Bibi mmoja aliniambia wazi, "We mutoto, hiyo yako inatutazama kama askari." Nikacheka tu. Nikajiambia watazoea.

Aliyenifundisha kuitumia ni Fidèle, unamkumbuka, yule mpole anayepiga harusi za kanisani. Kamera ile ina nafasi mbili za kadi, na Fidèle akaipanga iandike kila picha mara mbili, moja kila kadi, ili moja ikiharibika nyingine ibaki. Kwa harusi ya kanisani ni jambo la kumshukuru Mungu. Alinieleza vizuri kabisa. Nikasema ndiyo ndiyo, nikasahau.

Kazi yangu ya kwanza nayo, na hina pekee niliyopiga nayo hadi leo, ilikuwa ya Nasra, dada yake Salma. Nilipiga picha nzuri ambazo sijawahi kupiga maishani. Kesho yake nikapeleka bahasha, nikakaa na Mama Nasra goti kwa goti kama ulivyonifundisha, nikafuta kadi, kioo kikaandika kwamba hakuna picha. Nikamwambia tazama mwenyewe. Akasema hakuna. Nami kwa kiherehere nikaongeza ambacho wewe hukuwahi kuongeza: "Wallahi, mama, hakuna kimebaki." Nikanywa chai, nikala na kitumbua.

Umeshaelewa, si ndiyo? Wewe ulikuwa mwepesi. Kadi ya pili ilikuwa palepale ndani, na Nasra mzima, na mama yake, na shangazi zake, na nywele zao.

Nilikaa nayo miezi bila kujua. Wiki iliyopita Fidèle aliiazima kamera kwangu kwa harusi moja kule Gihosha. Katikati ya misa ikamwambia kadi ya pili imejaa. Akafungua aone kumejaa nini. Jioni ileile alikuja kwangu, hakuketi, akanipa kadi imefungwa kwenye karatasi.

"Mbabarira, dada, nisamehe. Mi sikujua. Niliona tatu, labda nne, nikafunga."

Nilitamani ardhi inimeze. Fidèle ni mtu mwema, namwamini, lakini ni mwanaume, shangazi, na mimi niliapa. Nikawaza kuivunja kadi ile na kunyamaza. Nani angejua? Fidèle hasemi. Halafu Mama Nasra akanipigia simu, sauti yote furaha: "Alhamisi ni wewe. Niliwaambia wote, huyu ni Zuwena mutupu, anafuta mbele yako."

Basi nikaamua: kwa Salma nitaenda na kamera yako. Kadi moja, nafasi moja, hakuna ujanja. Wakitoka weupe watoke weupe. Nikaitoa kwenye sanduku lako, nikatoa kadi niipanguse, nikaiwasha bila kadi nione kama betri bado inashika.

Ikawaka. Na picha zikawepo.

Nilikaa chini. Kumbe ina tumbo lake yenyewe, ina mahali padogo ndani pa kuhifadhi pale kadi isipokuwepo. Picha nne. Mbili za wanawake wanaocheza siwajui. Ya tatu ni Mama Nasra, kijana, nywele hadi kiunoni, mimba ya Salma imemtangulia mbele. Ya nne ni wewe.

Umeegemea ukuta, mtandio umeanguka mabegani, mkono umeunyoosha kumzuia anayepiga, na unacheka. Meno yote nje! Sikuwahi kukuona umecheka hivyo, mimi niliyelala chumba kimoja na wewe miaka tisa. Nililia hadi jirani akagonga.

Baadaye kilio kikaisha, likaja swali, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ulijua? Siku zile za mwisho hospitali, umeshachoka kuongea, uliniambia, "Ile ndogo usimupe mutu." Nilidhani ni mapenzi tu ya chombo cha kazi. Sasa sijui. Labda hukujua kitu, ulisahau kadi nyumbani siku moja, mashine ikahifadhi yenyewe, kama yangu. Labda ulijua, na asubuhi zote zile za "tazama mwenyewe" ulijua. Nakugeuza kichwani huku na huku. Nakukasirikia, halafu naona aibu kumkasirikia marehemu.

Jumatatu nilikwenda dukani kwa Mama Nasra. Nilikuwa nimejipanga: nitasema yangu, yako nitaifunika. Kosa langu ni langu, lakini jina lako lina watu nyuma yake, nyumba nyingi zilizokunywesha chai. Nikamngoja amalize na mteja, nikaweka ile kadi ya pili juu ya majora ya vitambaa, nikamwambia yote bila kupumua.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikunja kitambaa kilichokuwa mkononi, akakikunja tena.

"Nani aliona?"

"Fidèle. Mwenzangu wa kazi."

"Mwanaume."

"Ndiyo, mama."

"Mi naweza kukusamehe, kwa sababu ulikuja mwenyewe. Nasra je? Ni yeye unaenda kumwambia, si mi."

Nikasema nitamwambia. Nimeshamwambia, shangazi, jana. Alikata simu. Ana haki.

Mama Nasra akafuta kadi kwa mkono wake mwenyewe, nikamwongoza vidole. Halafu akashusha pumzi, akataka kunisaidia, na hapo ndipo aliponichoma kisu. "Basi alhamisi uje na ile ya shangazi yako. Ile haiko na mambo. Zuwena alikuwa mutu."

Kamera yako ilikuwa ndani ya begi langu, kwenye nyonga. Ningesema "sawa, mama" tu. Kazi ningebaki nayo, wewe ungebaki na heshima yako, naye angelala vizuri. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini nilishaapa uongo mbele ya mama yule mara moja bila kujua, na hii ya pili ningekuwa najua. Nikaitoa. Nikaiwasha. Nikamwonyesha.

Alijitazama muda mrefu, yeye na mimba yake. "Eh," akasema polepole. "Nilikuwa hivi." Kisha akafika kwenye ya nne, akaweka mkono mdomoni. "Ni mi njo nilimupiga hii. Nilimunyang'anya aparei. Alinifukuza chumba kizima!" Akacheka, na kicheko kikakatika katikati.

"Alijua ziko humu?"

"Sijui, mama."

"Hujui?"

"Wallahi sijui." Neno lilelile, na safari hii liliniuma kulitoa.

Akaniambia nifute ile yake mbele yake, nikafuta. Zile mbili za wanawake wasiojulikana akasema futa pia, nikafuta, akatazama, hatukuulizana iko kitu. Ulipobaki wewe peke yako kwenye kioo, akaingia mteja. Mama Nasra akanisogezea kamera. "Huyu hakutaka picha, unajua. Utamufuta nyumbani. Hiyo ni yako na yeye."

"Ndiyo, mama."

Alinisindikiza hadi mlangoni, jambo ambalo sikulitegemea. "Alhamisi njoo," akasema. "Ukule, ucheze na wenzako. Lakini kamera uache nyumbani. Zote mbili. Na nyingine yoyote sitaki, ya mutu yeyote." Kwa hiyo Salma ataolewa na hina yake haitakuwa na picha hata moja, na watu watauliza kwa nini, na Mama Nasra atajibu anachotaka kujibu. Simu nyingine mbili za kazi zilizokuwa zimeniahidi mwezi ujao zimeshanyamaza. Sijui kama ni yeye aliyesema au ni mji tu.

Hiyo ndiyo hali yangu, shangazi. Nilitaka unishauri nichukue kamera ipi, na sasa sina pa kwenda na yoyote. Fidèle ananiambia niache hina, nije harusi za kanisani, huko picha mbilimbili hazimuumizi mtu. Huenda nikaenda. Lakini kupigwa picha na mwanamke mwenzako, chumba kimefungwa, umefungua nywele, hiyo si kazi ya Fidèle, na kama si mimi sijui ni nani, na hilo linanitia uchungu kuliko kuikosa alhamisi.

Na lipo jambo moja ambalo nimelizunguka tangu nilipoanza barua. Jana nilikaa na kamera yako hapa mezani. Nikabonyeza. Ikaniuliza: ufute? Nikakuangalia, mkono wako umenyooshwa, unanikataza, unacheka. Hukutaka picha, najua. Nilimwambia Mama Nasra ndiyo, najua. Kadi ya pili sikuijua, ukitaka kuniombea msamaha niombee kwa hiyo. Hii naifanya macho yangu yakiwa wazi, na mara ya kwanza tangu unifundishe kazi nakukatalia.

Nigombeze ukitaka. Sikufuti.

Mimi,
binti wa kaka yako, uliyembebesha begi