Radhi Ulizozichukua kwa Ajili ya Unga

Faisal, mwanangu,

Nakuita mwanangu ingawa leo neno lenyewe ni zito kuliandika. Niko jikoni kwa mkeo, hapa Al-Nuzha, Jeddah, nakuandikia Kiswahili nilichokufundisha mwenyewe. Humu ndani hakuna mwingine wa kukisoma.

Nilifika Riyadh kufanya kazi nyumbani kwenu nimeacha mtoto mchanga Mombasa, maziwa bado yananitoka, na mama yako yake yalikuwa yamekatika. Nikakunyonyesha. Kwa dini yetu ukawa mwanangu, hata ulipoota ndevu sikujifunika mbele yako. Ndiyo maana kila ulipokwenda kurusha ndege ulinipigia simu: "Mama, nipe radhi."

Nami nikikuuliza, leo umebeba nini? "Unga, mama. Unga na maji ya kunywa. Kule kusini vita vimewaacha watu na njaa."

Basi naacha mchuzi uungue, nakuombea uende salama, urudi salama, na unga uwafikie wenye njaa. Ulikuwa ukicheka. Nilidhani ni furaha.

Ndege yako ilipotunguliwa, wanawake walijaa kwa mama yako, Al-Suwaidi, Riyadh, kuhani msiba. Nilikuwa nikiwamiminia kahawa. Mke wa rubani mwenzako, msichana tu, akawa anakusifu huku analia, kwamba hakuna aliyeangusha mabomu kwa shabaha kama wewe. Nikamwambia, binti, umekosea, wetu alikuwa akipeleka unga. Sebule nzima ikanigeukia. Mama yako akanitazama kwa huruma, akasema, "Kwani ulidhani ni dereva wa lori?"

Wote walijua, Faisal! Hata mlinzi wa getini alijua.

Ungeniambia ukweli ningekugombeza, ningelia, na radhi ningekunyima. Ulilijua hilo, ndiyo maana ukanidanganya. Ulitaka dua zangu tu, ukazipakia pamoja na mabomu yako.

Hata kukulilia siwezi vizuri. Naanza, nakumbuka unga, machozi yanakauka. Halafu nakukumbuka mdogo, unachovya mahamri kwenye chai yangu, eti ya mama ni tamu zaidi, nayo yako iko pale pale mbele yako. Naanza upya.

Mkeo amerudi huku kwao, akanichukua nimlee Layan wenu. Leo asubuhi mtoto kaniuliza baba yake alikuwa akibeba nini kwenye ndege. Mkeo akanikonyeza. Alishaniambia niseme unga, na nikileta maneno mengine, basi halas, nirudi kwetu. Nikamwambia mtoto amalize maziwa yake. Chai yangu nikaimwaga mezani.

Nimewaza tangu hapo. Radhi ya kukunyonyesha iko pale pale, hiyo siwezi kuigusa hata nikitaka. Lakini zile ulizozichukua kwa ajili ya unga nazitaka zirudi. Sijui kama Mungu huruhusu. Nimemuomba.

Na Layan akiniuliza tena, nitamwambia. Nitamwambia pole pole, nikimshika mkono, kwamba baba yake alimpenda, na kwamba alibeba mabomu. Mkeo akitaka kunikatia tiketi, na akate.

Kwaheri, mwanangu. Mungu akurehemu, na awarehemu wale waliokuwa chini ya ndege yako nilipokuwa nakuombea.

Mama yako wa kunyonya,
Mwanaisha